Daftari la Kijani

Fundi alikuwa hanunui nguo kabla ya kuigeuza. Koti liwe zuri namna gani, kwanza ataangalia bitana, atavuta mshono, atatafuta mahali uzi ulipolegea. Miaka tisa ya kupandisha pindo na kupunguza viuno vya watu katika nchi isiyo yake ilikuwa imemfanya hivyo, na watu nao aliwatazama vivyo hivyo, kwa upande wa ndani.

Mwaka ule mpya wa shule, mapacha wake wa kike walikuwa wanaingia darasa la kwanza. Aliyetangulia kuzaliwa walimwita Kasuku, maana mdomo wake ulipumzika akilala tu. Wa pili walimwita Bibi. Huyo ukimwita mara tatu ataitika ya nne, na akikugeukia anakutazama mpaka unajiona wewe ndiye mtoto.

"Maringo haya kayatoa kwa mama yako," Fundi alikuwa akimwambia mumewe. Mume, mwoka mikate, alikuwa akicheka tu na kuendelea kukung'uta unga kwenye viatu.

Siku ya kwanza mwalimu aliwapokea mlangoni, mwanamke mrefu wa miwani. Akampeleka Kasuku kwenye meza za dirishani. Akamkalisha Bibi mbele kabisa, peke yake. Fundi alitaka kuuliza kwa nini wanatenganishwa, lakini lugha ya pale aliijua ya dukani: kiuno, zipu, njoo Alhamisi. Akabaki kashika mikoba miwili. Mwalimu akamtabasamia, akafungua daftari la kijani, akaandika kitu. Tabasamu lile halikumwingia Fundi hata kidogo.

Wiki ya pili, wakati anawavua soksi, Kasuku akasema, "Mama, mwalimu anamwandika Bibi."

"Anamwandika vipi?"

"Anapita nyuma yake, halafu anaandika. Na kuna mama mwingine anakuja na mkoba mweusi. Anamwangalia Bibi tu. Aliniuliza nyumbani nani anaongea na Bibi."

"Ukamjibuje?"

"Nikasema mimi."



Kesho yake alipanda kwa jirani wa ghorofa ya juu, dada aliyeishi nchi ile kabla yake na aliyejua mambo ya kila mtu. Dada akafunga mlango kwanza.

"Ndivyo wanavyoanza," akasema. "Wanaandika. Likijaa daftari wanakuja wawili, mmoja wa kuongea, mmoja wa kumshika mtoto. Mimi sikutishi, mdogo wangu. Nakwambia nilichosikia."

Tangu hapo Fundi hakutulia. Saa ya mapumziko ya watoto aliacha cherehani na kwenda kusimama kwenye uzio wa shule, nyuma ya pipa la taka, akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Alimwona yule mwanamke wa mkoba mweusi amekaa kwenye benchi. Bibi alikuwa anacheza. Mwanamke alikuwa haondoi macho kwake. Alipoinua kichwa akakutana na macho ya Fundi, akampungia mkono. Fundi akaondoka haraka.

Jumamosi, akishona mfuko uliochanika wa koti la mumewe, alikuta barua ya shule imekunjwa mara nne. Chini kulikuwa na sahihi.

"Baba watoto, hii sahihi ya nani?"

"Yangu. Waliniletea nakala mbili, moja nikarudisha. Si ile ya chakula cha mchana?"

"Umesoma?"

"Nilidhani ni ya chakula."

Fundi akaipiga picha, simu ikamtafsiria. Maneno yalitoka yamepinda, lakini matatu yalikuwa wazi: ruhusa, uchunguzi, nyumbani. Akamgeuzia mumewe ile simu. Mume akasoma, akakaa kwenye kochi.

Jumatatu watoto hawakwenda shule. Fundi alipiga simu akasema homa, neno alilolifanyia mazoezi bafuni. Jumanne homa tena. Jumatano asubuhi mlango ukagongwa.

Walikuwa wawili kweli: mwalimu na mwanamke wa mkoba. Nyuma yao mzee mmoja aliyevua kofia.

"Mimi mkalimani, mwanangu," akasema.

"Shikamoo. Uko upande wa nani?"

"Marahaba. Nabeba maneno tu. Siongezi, sipunguzi."

"Basi wabebee haya. Mtoto wangu hatoki humu."

Mzee akawaambia. Mwalimu akashika kifua, akaongea kwa haraka huku akitikisa kichwa.

"Anasema hakuna aliyekuja kumchukua mtoto. Huyu mwenzake ni mpimaji wa masikio. Wanaona binti yako mdogo hasikii upande wa kushoto. Wameogopa kwa kuwa baba alisaini ile ya uchunguzi, lakini hamkujibu barua ya pili, ya kumpeleka hospitali."

"Anasikia," Fundi akasema. "Ana maringo tu."

Lakini aliwaacha mlangoni, akaenda chumbani. Bibi alikuwa sakafuni anakatakata vitambaa. Fundi akachutama nyuma yake, akaleta mdomo karibu na sikio la kushoto, akanong'ona, "Kuna keki jikoni."

Mkasi uliendelea kukata. Aliyeinuka ni Kasuku, kutoka kule kitandani.

"Mama, mwambie upande huu. Huko hasikii."

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Kwani ninyi hamjui?"

Fundi akakaa chini. Sikio lile ndilo alilokuwa akilivuta kila mtoto alipochelewa kuitika. Alimpakata Bibi, ambaye alishangaa lakini akakubali, na akakaa hivyo mpaka mzee alipokohoa mlangoni.

Aliporudi kwa wageni macho yalikuwa mekundu, ila hakuwa amelegea. Akavuta viti. "Nataka lile daftari lisomwe lote. Mbele yangu."

Likasomwa. Siku fulani mtoto aligeuza kichwa mara tano. Siku fulani hakusikia kengele. Ukurasa wa nane mzee akasita, kisha akasoma: nyumbani mama haongei na mtoto.

"Hilo limetoka wapi?"

"Kwa pacha mwenzake."

"Shahidi wa miaka sita," Fundi akasema. "Nami mwenye mtoto hamkuniuliza. Mwambie aandike langu hapohapo: mama anaongea naye kila siku, na hakujua sikio halisikii."

Mwalimu akaona haya. Akaandika. Fundi akamtaka mzee ayasome yale maneno mara mbili, kisha ndipo akachemsha chai.

Hospitali walithibitisha. Bibi akapewa kifaa kidogo cha sikioni, akakichukia, akakificha kwenye kopo la vifungo. Siku ya nne akakivaa mwenyewe, akagundua kwamba dada yake humwimbia nyimbo za kumkejeli akiwa upande wa kushoto. Ugomvi uliozuka siku hiyo Fundi hakuuamulia. Aliacha kazi mezani akausikiliza mpaka mwisho.

Yeye na mwalimu hawakuwa marafiki. Walisalimiana vizuri tu. Fundi alijiandikisha darasa la lugha Jumamosi asubuhi, na kwenye mkutano wa wazazi wa muhula uliofuata alikaa kiti cha mbele. Wenzake walipoanza kuvaa makoti, aliinua mkono akaomba kifungu cha tatu cha tangazo la shule kisomwe tena, polepole. Wazazi wengine wawili, wageni kama yeye, wakarudi wakakaa.