Jina la Skola Nyuma ya Kadi

Uvumilivu ulinishinda pale steshenari, mjini Mpanda, kijana wa dukani aliponikabidhi kadi yangu ya utotoni, yenye picha ya mchezaji mpira, huku anatabasamu. "Dada, cheki, imekuwa mpya!" Nikaigeuza. Nyuma kweupe. Jina la Skola, marehemu dada yangu, aliloandika mwenyewe kwa penseli, halipo. Nilifoka mpaka waliokuja kutoa kopi wakatoka nje.

"Si ulisema nisafishe?"

Kweli nilisema. Nilimaanisha doa la mafuta ya maandazi aliloacha mwanangu.

Nyie tuliokua pamoja mnakumbuka. Bablishi moja ya kutafuna, ndani kadi moja ya mchezaji, inanukia sukari wiki nzima. Tulibadilishana nyuma ya madarasa, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kadi ikichafuka, unaikandamizia kitonge cha ugali uliopoa, kinanyonya uchafu taratibu, halafu inalala chini ya godoro inyooke. Mama akikuta ugali mweusi: "Nyie watoto, chakula ndiyo sabuni?"

Siku moja kadi yangu ilichubuka rangi kwenye jezi ya mchezaji. Nikaipaka peni nyekundu, nikambadilishia mtoto mmoja wa kule Kakese kwa kadi yake. Skola alinivuta sikio hadi kwao nikamrudishie yake. "Ukitoa uchafu, umesafisha. Ukiongeza cha kwako, umemdanganya mwenzio." Tukacheza kwa sheria hiyo miaka yote.

Sasa hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Huyu kijana hakuongeza kitu. Alitoa tu, kwa raba. Kwa sheria ya Skola mwenyewe hana kosa, na aliyefutwa ni Skola. Penseli ile ilikuwa uchafu? Sijui. Mbona basi nalia?

Labda sisi ndio washamba. Watoto wa sasa hawatumi picha mpaka uso upite kwenye filta. Chunusi kwaheri, na kovu la siku ulipoanguka nyumbani kwa bibi nalo kwaheri, wanajiona wasafi. Sisi kadi ilizeeka na majina mgongoni, ukajua imepita kwa nani.

Kesho yake nikaenda ofisi ya mtaa kumshtaki. Mtendaji akaigeuza kadi mara mbili. "Mama Neema, mbona nzuri tu? Niandike umeharibiwa nini?"

Nikamwomba karatasi, nikaandika mwenyewe:

"Nalalamika kwamba fundi wa steshenari alifuta jina la marehemu dada yangu bila kuniuliza. Kadi ni safi, sikatai. Lakini nyumbani kwetu hakuna mwandiko wake mwingine. Naomba aagizwe: kabla ya kufuta jina la mtu, aulize kwanza ni la nani."