Sikukuu ya Julai Nne Iliyopikwa Tarehe Mosi

Saa tatu na nusu asubuhi, Julai mosi. Twyla Hendershot anapanga makopo ya maharage chini ya mfuko, mayai juu, mkate pembeni. Mkono wa kulia unafanya kazi. Vidole vya mkono wa kushoto vinakunjwa na kukunjuliwa kimoja kimoja, na mteja aliyesimama mbele yake anadhani anahesabu mifuko.

Anahesabu siku, na kila akifika mwisho anapata jibu tofauti.

"Tatu najua ni tatu," anamwambia Bwana Delbert, mpakiaji mwenzake wa meza ya jirani. "Sijui ni tatu za kwenda mbele au za kurudi nyuma."

Twyla ana miaka 34, na kwa miaka sita amekuwa mpakiaji kwenye duka la jeshi hapa Lawton, Oklahoma. Hana mshahara. Anatia bidhaa za watu mifukoni, anasukuma toroli hadi kwenye gari, na anachopewa mkononi ndicho chake. Siku njema anarudi nyumbani na dola sitini, siku mbaya ishirini. Wiki ya Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani, huwa ndiyo bora kuliko zote, maana kila anayeingia hutoka na tikiti maji, mkaa na soseji za kulisha mtaa mzima.

Mumewe, Sajenti Corey Hendershot, ni mtu wa mizinga. Amekuwa ng'ambo tangu Septemba. Sikukuu hii imempita miaka mitatu mfululizo, na binti yao Josie, mwenye miaka minane, ametangaza kwamba mwaka huu hasherehekei kitu bila baba. Mama anamjua mwanawe. Akisema neno, limesemwa.

Hapo ndipo anapoingia Shangazi Nadine.

Familia za askari haziruhusiwi kutaja kwenye simu siku ambayo mtu wao atarudi. Kwa hiyo kila nyumba ina fumbo lake. La akina Hendershot ni shangazi ambaye hajawahi kuzaliwa. Corey akitaja tarehe ya sherehe ya shangazi huyo, Twyla abadilishe kwa siku tatu ndipo apate siku ya kweli. Walikubaliana ndani ya gari asubuhi ya kuondoka, Josie akilia kiti cha nyuma, redio inapiga kelele, na Corey tayari ameshashika kitasa cha mlango. Twyla anakumbuka zile tatu vizuri kabisa. Hakumbuki kama ni kujumlisha au kutoa.

Juni ishirini simu ililia. Corey alisema amwombee radhi kwa Shangazi Nadine, lakini sherehe yake ya tarehe nne hataisahau. Basi ni tarehe mosi, au ni tarehe saba. Twyla alikuna kichwa, akaona amtege mumewe kwa ujanja.

"Hivi Shangazi Nadine siku hizi ananenepa au anakonda?" alimuuliza.

"Yuko vilevile," Corey akajibu. Laini ikakatika, na tangu siku hiyo hajapiga tena.

Twyla aliomba ushauri, na ushauri ukamzidishia kizunguzungu. Bwana Delbert, mwenye miaka 71, mpiga mizinga mstaafu, alimwambia enzi zake wote walikuwa wanajumlisha, maana jeshi halijawahi kumrudisha mtu mapema. Lupe Villarreal, jirani wa ukuta mmoja, akasema kwao ni kutoa mbili, na hajawahi kukosea. Mwanamke wa nyumba ya kona, ambaye hata hakuulizwa, alisema wao hugawa kwa mbili.

"Mkigawa tarehe saba mnapata nini?" Twyla alitaka kujua.

"Mchana wa tarehe tatu," akajibiwa.

Hali ingekuwa nyepesi kama Twyla angekuwa na uwezo wa kuandaa sherehe mbili. Hana. Alinunua bega moja la nguruwe lilipopunguzwa bei, dola kumi na nne, kipande anachokipenda Corey, na bega likishakolea moshi halirudishwi kuwa bichi. Friza ya kuligandisha lisubiri hana pia. Hata laini ya simu aliibadilisha mwezi Aprili akachukua ya bei nafuu, apate kuokoa dola ishirini kila mwezi. Namba mpya alimpa Corey tu. Wengine akasema atawapa taratibu.

Alichagua tarehe mosi. Hoja yake ilikuwa kwamba heri wamngoje kuliko awasili akute jiko limelala. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani kuwa mwaka huu Julai Nne ni Julai mosi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwenye nyumba hizi za kambini sikukuu humfuata askari. Mtaa huu umewahi kula Krismasi Februari, na bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani ya Novemba aliliwa Machi, watu wakishukuru kana kwamba kalenda ndiyo iliyokosea.

Tena mtaa unamtegemea Twyla kwa mambo ya kusherehekea bila kutoboa mfuko. Ni yeye aliyewafundisha kukata fulana kuukuu za nyekundu, nyeupe na bluu wakapata vibendera vya kutanda barabara nzima. Fataki hanunui. Hukaa na watoto kwenye nyasi za uwanja wa gwaride, wakatazama za kambi, ambazo ni bure. Baiskeli hufungwa riboni, zikazunguka mtaa kama gwaride, na mpira wa maji ukitobolewa matundu huwa bwawa la kuogelea la watu wasio na bwawa. Kila nyumba huleta ilicho nacho, hata kama ni barafu tu.

Basi mchana wa tarehe mosi anatoka kazini saa saba, na bega linanukia mtaa mzima. Lupe amelilinda jikoni nje tangu alfajiri. Shuka jeupe limetundikwa barazani, limeandikwa kwa rangi KARIBU NYUMBANI BABA. Josie amevaa gauni la bluu na kukaa ngazini, asichafuke.

Saa tisa hakuja mtu. Saa kumi na moja hakuja mtu. Kufikia saa moja jioni majirani walikuwa wamekula bega lote kwa aibu, wakilisifia kwa sauti ya chini kama watu walio matangani. Twyla alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Ulihesabu vibaya, Mama," Josie alisema. Hakulia. Aliingia ndani akalivua gauni, akalitundika mwenyewe.

Twyla anakiri maneno hayo yalimchoma kuliko miezi kumi yote ya upweke. Kesho yake aliwatangazia majirani kwamba ni tarehe saba, kwa hakika, akimaanisha kwamba hana tena tarehe nyingine ya kukisia. Atanunua nini hiyo tarehe saba hakujua.

Ikafika tarehe nne yenyewe. Duka lilifungwa mapema. Nyumbani kwa akina Hendershot kulikuwa na mikate ishirini ya soseji isiyo na soseji, chupa ya siagi ya karanga na nusu tikiti. Lakini watoto wa mtaa walishafunga riboni zao, na Twyla hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Akatoboa mpira wa maji, akawamwagia. Josie alibaki ngazini na nguo zake za kulalia mchana kutwa, amekunja mikono. Aliyoyasema ameyasema.

Saa kumi na moja jioni kamili, tarumbeta ya kushusha bendera ikalia kutoka makao makuu, kama kila siku, na mzinga mmoja ukafyatuliwa. Kambini sauti hiyo ikisikika, dunia husimama. Watoto wakashuka kwenye baiskeli. Lupe akaweka sahani chini. Twyla akageukia upande wa bendera, mkono wa kulia kifuani, wa kushoto umeshika mpira ambao hakuwahi kuufunga.

Mwisho wa mtaa, gari la kambi lililokuwa linaingia likasimama kama sheria inavyotaka. Mlango wa abiria ukafunguliwa. Akashuka askari mwenye begi mgongoni, akageukia bendera na kupiga saluti.

Twyla alimwona kwa pembe ya jicho. Kwanza aliliona bega la kushoto lililoinama kidogo kuliko la kulia, bega la mashati aliyoyapiga pasi miaka kumi na moja. Akajiambia haiwezekani. Leo si mosi wala si saba.

"Mama," Josie alinong'ona kutoka ngazini. "Yule ni nani?"

"Simama kwanza," Twyla akasema.

Na wakasimama. Tarumbeta ilipiga bila haraka, maji yanamwagikia miguu ya Twyla, viatu vimejaa, machozi yanashuka na mkono wa kuyafuta hauruhusiwi kutoka kifuani. Hatua arobaini mbele yake, mumewe naye hakutikisika. Twyla anasema katika maisha yake yote hajawahi kuichukia bendera wala kuipenda kiasi kile kwa wakati mmoja, na hadi leo haelewi ni lipi lilizidi.

Sauti ya mwisho ilipokatika, Josie alikuwa ameshafika katikati ya barabara, miguu mitupu, nguo za kulalia zikimvuka. Baba yake alidondosha begi.

Mambo yalieleweka baadaye, juu ya mikate yenye siagi ya karanga. Corey alikuwa mmoja wa askari kumi na wawili waliotangulizwa kuandaa mapokezi ya kikosi, wakatua saa nane mchana. Ofisi ya kikosi ilipiga simu ya Twyla mara nne, namba ile ya zamani. Corey, ambaye simu yake ilikuwa imezima kwa kukosa chaji, alisimama ukumbini akiwatazama wenzake kumi na mmoja wakikumbatiwa, akaanza kuhisi pengine nyumbani hatakiwi tena. Dereva ndiye aliyemwonea huruma akampa lifti.

"Lakini ulisema tarehe nne," Twyla alimwambia. "Na fumbo letu ni tatu."

Corey alitafuna polepole, macho kwenye sahani.

"Nilisahau kama ni kujumlisha au kutoa," alisema. "Nikaona nitaje siku yenyewe tu. Si ulipouliza nikakwambia yuko vilevile?"

Lupe alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Twyla hakujua acheke au ampige kwa mkate. Josie, aliyekuwa amekaa mapajani kwa baba yake, akashauri Shangazi Nadine azikwe. Likapita bila kupingwa.

Tarehe saba majirani walileta soseji zao, sikukuu ikaliwa mara ya tatu, maana mtaa ulishaahidiwa. Asubuhi hiyo kabla ya yote Twyla alikwenda ofisini kuandikisha namba yake mpya. Ameomba pia kazi ya kaunta dukani, yenye mshahara, na anangoja jibu.

Corey huenda akatumwa tena mwakani. Alipoanza kupendekeza fumbo jipya, la kutoa mbili, Twyla alimwomba arudie, kisha akamzuia asirudie. Ana mpango wake. Familia moja inayohama mwezi ujao inauza friza kuukuu kwa dola themanini, na bakshishi ya wiki ya Julai Nne ameshaiweka pembeni kwa ajili hiyo. Humo ataweka bega moja la nguruwe siku Corey atakapoondoka, na Josie ameshaandika karatasi ya kubandika juu ya mfuniko: USIGUSE. LA BABA.

"Asinitajie tarehe yoyote," Twyla anasema, akiweka mayai ya mteja mwingine juu ya makopo. Safari hii mkono wa kushoto umetulia. "Akibisha hodi, nitawasha jiko. Nyama itasubiri. Mimi kuhesabu nimechoka."