Siku Niliposhika Mlango Dada Akiolewa

Wiki mbili sijaandika humu, kwa sababu kila nikishika kalamu uso unaniwaka, mara kwa aibu, mara kwa hasira, na leo hasira imeshinda. Shuleni sasa wananiita Mlango. Basi ngoja niseme ilivyokuwa.

Baba ni fundi wa bodi za magari hapa Kamunyonge, karakana yake iko nyuma ya nyumba. Mzee Magesa, mstaafu wa kinu cha pamba kule Bunda, alimletea kigari chekundu cha milango miwili, kifupi, cha mbio, alichoachiwa na mzungu mmoja zamani. Bawaba zilikuwa zimelegea, ukitaka kufunga lazima uunyanyue mlango kwanza kama unamwinua mgonjwa. Fundi mwingine angechomelea bawaba za pikapu akamaliza, ila Mzee Magesa alikataa katakata, anataka orijino, milango ile ile, bawaba zile zile (ukikiegemea tu kigari chake anakohoa kukuonya). Wakapatana: Baba atengeneze, na Mzee ampeleke dada Nyanjura kanisani Butiama siku ya harusi. Kwetu hilo lilikuwa kubwa, maana ukoo wa shemeji walishasema kijana wao anaoa kwa mgonga mabati, na Mama alitaka siku hiyo wafunge midomo.

Pini za bawaba zilikuwa zimelika. Mitumba siku hizi imejaa sokoni, lakini kipuri cha gari kama lile utakitoa wapi, kwa hiyo Baba akakata ekseli ya baiskeli, akaipiga tupa siku tatu mpaka pini zikaingia kwa kubana. Kazi nzuri, siwezi kumnyima. Ilibaki kuzigonga ncha zitanuke, zisichomoke. Hilo mimi sikulijua, hakuniambia.

Ijumaa jioni mlango wa abiria ukawa unalia kama mbuzi. Baba alikuwa na wageni, akaniambia, "Upake mafuta huo mlango, bibi harusi asiende na kelele." Grisi tulikuwa hatujaiona tangu Pasaka. Nilitaka nirudi nimuulize nipake nini, lakini mimi mbele ya wageni ulimi unagandaga, basi nikaamua mwenyewe. Nikachukua mafuta ya sangara ya Mama, yale ya kukaangia (mnyororo wa baiskeli tunaupakaga hayo hayo), nikazitoa pini kwa nyundo ndogo, nikazipaka mpaka zikang'aa, nikazirudisha. Ziliingia kwa kidole. Nikafurahi, mjinga mimi. Mlango ukanyamaza kabisa.

Kesho yake dada akapanda na Mzee Magesa, sisi wengine tukafuata kwa lori, na barabara ile na makorongo yake ikafanya kazi yake kwenye pini zangu zinazoteleza. Tulipofika kanisani watu wamejipanga, vigelegele, na baba mdogo wa shemeji, mtu wa suti na mbwembwe, akashika kitasa akavuta kama anavuta ng'ombe pembe. Mlango ukaja wote. Akakaa mavumbini ameukumbatia, tai imelowa mafuta, harufu ya samaki ikatanda, na mbwa wawili wakaja kulamba bawaba. Shangazi mmoja wa upande wao akasema, "Sisi tumeleta ng'ombe, wao wametupa mlango," na hapo uwanja mzima ukacheka. Dada alibaki kwenye kiti, shela limemfunika, mabega yanatetemeka, na hakuwa anacheka.

Baba akatia kidole kwenye kitundu cha bawaba, akakinusa, akanigeukia. "Ni huyu," akawaambia watu. "Kazi yangu ilikuwa nzima, huyu ndiye kaichezea."

Hakusema kwamba alinituma. Mimi nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Mzee Magesa yeye hofu yake ilikuwa rangi, mlango usilazwe chini utachubuka, na Baba akasema basi nitaushika mimi. Mimi, mpambe wa bibi harusi! Maua yangu akapewa binti wa shangazi, wakaingia wote, nikabaki juani na gauni la zambarau, nimeukumbatia mlango, nawafukuza mbwa kwa mguu. Kiapo cha dada yangu nilikisikia kupitia dirishani. Kukiona, sikukiona.

Wakati watu wanakwenda kula Baba akaja na nyundo na misumari minene. Nikamshikilia mlango, akapachika msumari, akakata, akagonga ncha mara mbili ikatanuka. "Inagongwa hivi," akasema.

Nikamuuliza, "Mbona jana hukuigonga?"

Akagonga mara ya tatu, ambayo haikuhitajika. Halafu akasema taratibu, akiiangalia bawaba, "Nilisahau."

Kunilaumu alinilaumu mbele ya kanisa zima, kukiri akakiri mbele ya mlango. Na watu wa Butiama mpaka leo wanajua ni mimi.

Kwa hiyo nimeapa. Siku akinituma tena, hata wageni wajae mpaka uani, nitasimama katikati yao nimuulize nipake nini, kigugumizi kije kisije, ili wote wasikie aliyenituma ni nani.