Mshale wa Mwisho wa Ap Nidup

Kwa miaka saba kijiji kizima kiliamini kwamba Ap Nidup, kama tunavyowaita wazee wetu, hulenga vizuri zaidi mambo yakikaza. Ndiyo maana alipewa mshale wa mwisho kila mashindano, ingawa mishale yake ya mwanzo ilikuwa ikiokotwa kwenye viazi vya watu. Hakuna aliyeuliza. Sisi tukishampata shujaa, kuuliza tunaona ni utovu wa adabu.

Nidup aliujua ukweli na akauficha, maana mpiga upinde asiyeona hubaki nyumbani na ng'ombe. Macho yake yalikuwa yameisha nguvu. Kibao cha shabaha kiko umbali wa mita mia na arubaini. Yeye aliona ukungu. Lakini hapa kwetu, milimani Paro, wapinzani wana haki ya kumkejeli mpigaji, na mchezo ukikaza hujazana mbele ya kibao, wakirukaruka na kumtukania mama mkwe. Kundi hilo Nidup aliliona. Alilenga katikati yake. Wao wakaruka pembeni dakika ya mwisho, na mshale ukagota kibaoni.

Kisha mwaka mmoja Mwalimu Ugyen alihesabu mishale ya Nidup, akatangaza kwenye duka la chai: "Si hatari inayomwamsha Ap Nidup. Ni kejeli."

Habari zikafika kijiji jirani.

Siku ya fainali timu yetu ilihitaji shabaha moja tu, na Nidup alikuwa amebakiwa na mishale miwili. Wapinzani wakajipanga kando ya uwanja, mikono nyuma, kimya kama watawa.

Mshale wa kwanza ukapotelea kwenye ngano.

"Ap, huo umeenda kumsalimia nani?" akauliza nahodha wetu, Dophu.

"Upepo."

"Upepo gani? Bendera zimelala!"

Nidup akawageukia wapinzani. "Leo mmemeza ndimi? Au wake zenu wamewakataza kelele?"

"Tunakuheshimu tu, Ap," akajibu nahodha wao, Gyem, akiinama.

Hakuwahi kuheshimiwa vibaya namna ile. Akautazama ukungu. Angeweza kukosa tena, akasingizia upepo, na mwakani angekuwa bado timuni. Akashusha upinde.

"Dophu, nenda kasimame kwenye kibao."

"Ili iweje?"

"Sikioni."

Uwanja mzima ulisikia.

"Tangu lini?"

"Tangu mafuriko yabebe daraja."

Dophu akahesabu kwa vidole. "Miaka saba! Na wale waliokuwa wakicheza pale mbele?"

"Walikuwa wepesi."

Dophu alitembea mpaka kibaoni, akasimama shibiri moja kutoka ukingo wake wa kulia, akavua kofia na kuiinua juu. Nidup akavuta kamba, akalenga kushoto kwa kofia, akaachia. Kibao kikalia ko!

Vijana wetu wakaimba na kuzunguka kwa ngoma ya ushindi. Wapinzani walikuwa wameketi kwenye nyasi, wakibishana ni nani kati yao aliyekuwa akisimama katikati.

"Mimi nilikuwa pembeni siku zote," Gyem alikuwa akisema. "Ulizeni mtu yeyote."

Mwaka uliofuata hakuna timu iliyokubali kukikaribia kibao Nidup akishika upinde, na Dophu alisema kofia aliyonayo ni moja. Jina la Nidup likatolewa. Hakulalamika. Siku za mechi huketi mwanzoni mwa uwanja na kuuliza kila mshale umeangukia wapi, na watu humwambia.