Kubadhi Langu Limebaki Ugiriki

Naogopa mahali pa juu. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta asubuhi nzima, kwa sababu mpaka mwaka huu nilikuwa nikiapa kinyume chake. Nyumba ya mamangu iko Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, ina roshani ya mbao ambayo wageni husimama chini wakaipiga picha. Mimi niliyezaliwa ndani yake sijapata kuiegemea. Jua kali, nilisema. Vumbi laniumiza macho. Harusi ikipita chini, dada zangu wote wamejazana pale juu, mimi niko jikoni nalinda sufuria isiyohitaji mlinzi. Nilipoolewa tukapata nyumba Buxton, ghorofa ya juu, na nikamshawishi mume wangu tubadilishane na majirani wa chini kwa hoja ndefu kuhusu hewa na unyevu. Chuo kikuu kilinifundisha hoja. Hakikunifundisha kutazama chini.

Kisiwa cha Mombasa humsitiri mtu kama mimi. Ni tambarare. Unaweza kuzeeka humo bila kugundulika, mradi usizae binti atakayeolewa mlimani.

Wangu aliolewa mlimani. Mumewe ni mhandisi wa meli, Mgiriki, walikutana bandarini binti yangu alipokuwa akifanya kazi huko. Alisilimu kabla ya nikahi, na mamangu alimkubali siku alipomaliza sahani ya wali wa nazi akauliza kama kuna ukoko. Nilipoambiwa kwao pia ni kisiwani, sikuuliza zaidi. Kisiwa ni kisiwa, nilidhani.

Basi akashika mimba, nami nikaenda kumchukua. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Binti hurudi nyumbani mapema, akishajifungua akakandwa kwa maji moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akafungwa mkaja tumboni, na arobaini ikitimia anatoka amenawiri. Sijasikia mtu akilibisha jambo hili ila yeye. Aliniambia kwa simu kwamba meli ya mumewe inarudi majira hayohayo, na anataka mtoto azaliwe babake akiwepo. Nikamwambia nakuja tuzungumze, kisha nikakata tikiti mbili za kurudi, yangu na yake.

Sanduku langu alilipanga mamangu. Chini kabisa aliweka kifurushi kilichofungwa kwa leso kuukuu.

"Cha nani, Mama?"

"Cha kule. Usikifungue njiani."

Kilinuka pilipili manga katika kila uwanja wa ndege. Nikadhani ni zawadi ya wenyeji.

Barabara ya kutoka bandari ya kisiwa kile hadi kijijini sitaieleza vizuri, kwa kuwa nilifumba macho. Niliyafumbua mara moja, nikaona gurudumu, kisha ukingo wa lami, kisha hakuna kitu, na mbali chini kabisa bahari imelala kama shuka iliyotandikwa. Dereva alikuwa amegeuka nyuma kunionyesha kanisa. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka, nikaanza upya.

Gari liliishia kwenye mti mmoja. Kuanzia hapo ni ngazi za mawe, na nyumba zimebandikwa mlimani moja juu ya kichwa cha mwenzake, paa la huyu ndio uwanja wa yule. Na kitu kilichonitia hofu zaidi ni kwamba nilipajua. Vichochoro vyembamba vilevile vya Mji wa Kale, paka, kina mama wameweka viti mlangoni, kila mmoja anakuuliza, kwa Kigiriki, watoka wapi na waenda kwa nani. Tofauti ni mwisho. Kichochoro cha kwetu kikiisha utajikuta msikitini, au baharini, au sebuleni kwa mtu. Hivi viliishia angani.

Binti yangu alishuka kunipokea, tumbo mbele, mkono mmoja kiunoni na mwingine haushiki chochote.

"Shika ukuta," nikamwambia kabla ya salamu.

"Ukuta upi, Mama?"

Ni kweli, haukuwepo.

Mavyaa wake, yaani mamake mume, alitungoja mlangoni, mwanamke mfupi aliyevaa nyeusi tupu tangu kichwani. Mimi na buibui langu, yeye na ujane wake, tulitazamana kama watu walioshona kwa fundi mmoja. Alinibusu mashavu yote mawili. Nami, kama afanyavyo mtu yeyote aliyelelewa vyema, nilivua makubadhi yangu nje kwenye kidato cha mlango, nikaingia. Yeye aliyatazama yale makubadhi, akamtazama binti yangu, akasema jambo.

"Asemaje?"

"Asema uingie navyo. Huku viatu havivuliwi nje."

"Mwambie sina ustaarabu wa kukanyagia watu zulia."

Tuliketi. Kahawa ikaja katika vikombe vidogo kama vya kwetu, na nikaanza kuona kwamba ndani, dirisha likiwa nyuma yangu, naweza kuishi. Hapo upepo ukateremka mlimani. Mlango ulipigwa kishindo. Binti yangu akachungulia nje.

"Mama, kubadhi lako moja halipo."

"Litakuwa limeanguka hapo chini."

"Hapo chini ni bondeni," akasema. "Ngoja nikatazame kama limenasa." Akatoka.

Nilisikia hatua zake zikishuka, zikigeuka, zikishuka tena. Kisha sikuzisikia. Nikaita. Nikaita tena. Nikainuka nikafika mlangoni, na miguu yangu, ambayo imenibeba kila mahali nilipotaka kwenda, ikakataa. Mwanangu yuko nje na tumbo lile, kwenye ngazi zisizo na ukuta, anafuata kiatu changu, nami nimeng'ang'ania mwimo wa mlango wa watu. Niliona kwa macho yangu atakavyoteleza. Nilimwona ameshateleza. Jasho lilinishuka mgongoni, na upepo ulikuwa wa baridi.

Nikakaa chini. Nikaanza kushuka kwa makalio, kidato kwa kidato, kama mtoto aliyeachwa juu na wenziwe, macho kwenye jiwe la mbele tu. Nilihisi kitu kimenivuta nyuma nikadhani ndio nakwenda. Alikuwa ni mavyaa. Ameketi kidato cha juu yangu, amekamata buibui langu kwa ngumi mbili, na kila niliposogea naye anasogea, ananung'unika kwa lugha yake. Tulishuka hivyo, vikongwe wawili weusi, mpaka kwenye kona, tukakutana na binti yangu anapanda, mikono mitupu, anapumua vizuri kuliko sisi.

Akashika kiuno.

"Mwacheza mchezo gani?"

"Limepatikana?" nikauliza, nisikose kabisa heshima.

"Mbuzi atalivaa. Inuka, Mama."

Sikuinuka. Nilirudi juu kwa njia ileile niliyoshukia.

Jioni nilimwambia tuondoke kesho. Nilisema ameona mwenyewe hatari ya mahali hapa.

"Hatari nimeiona," akasema. "Ilikuwa imekaa kwenye kidato. Mimi kila siku hupita hapo. Na siku zikikaribia nitashuka mjini kwenye hospitali, tumeshapanga. Sasa niambie kweli. Wataka nirudi kwa sababu ya mila, au kwa sababu wewe huwezi kukaa hapa?"

"Mila."

"Basi tumuulize Bibi."

Nikakubali upesi. Nani Ndia Kuu nzima aliyeishika mila kuliko mamangu? Lakini simu haishiki ndani ya nyumba ile. Hushika nje, mwisho wa kibaraza, pale mawe yanapokoma. Nikaenda huko kwa magoti, nikaketi, nikakumbatia chungu cha maua kilichopandwa mrehani. Bonde lilikuwa limeanza kujaa kiza.

"Waaleikum salaam, mwanangu. Mbona wapumua kama uliyekimbizwa?"

"Ni upepo, Mama." Nikamweleza yote, ngazi, bonde, kiatu, ukaidi wa mjukuu wake. Kwenye simu nilisikia muuza kahawa wa chini ya nyumba yetu akigonganisha vikombe. Nilitamani kulia.

"Saa hizi uko wapi?"

"Nje. Ukingoni."

"Umesimama?"

"Nimekaa."

"Nlijua. Tangu u mdogo hukupata kusimama pale roshani. Nliwambia dadazo wakuwache, hiyo sufuria ina lake jambo."

"Mama, mimi nazungumzia mila."

"Mila nimekufunza mimi, usinirudishie. Mimi mikono yangu haina nguvu tena ya kumkanda mtu. Atakayemkanda mwana ni wewe, na wewe uko huko. Mzazi hakandwi na nyumba. Kile kifurushi umekifungua?"

Binti yangu alikwenda akakileta, akakifungulia mapajani mwangu. Pilipili manga. Habasoda. Chupa ya mafuta ya nazi. Na mkaja, umekunjwa vizuri, uleule niliofungwa mimi nilipomzaa yeye.

"Ulijua hatarudi nami," nikamwambia mamangu kwenye simu.

"Yeye nlimjua. Wewe ndiye nliyekuwa na shaka nawe."

Binti yangu alikuwa ameuchukua mkaja, anaupima juu ya tumbo, anacheka peke yake, kisigino chake kwenye jiwe la mwisho.

"Naogopa, Mama," nikasema. Sikuwa nimepata kulitamka, kwake wala kwa mtu.

"Haya," akasema mamangu. "Ogopea hukohuko."

Akakata simu.