Makali ya Ukingo wa Kioo

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa sauti yake kuliko kwa sura: jiwe la kunolea likilia juu ya kioo, uani kwa bibi yetu, Mafinga.

Kaka yangu Lukelo alikuwa fundi seremala. Mimi nilikuwa nasomea ualimu Iringa. Mwalimu wangu mmoja, alipohama, aliniachia kisahani kinene cha kioo ili nijitengenezee darubini ya kutazamia mwezi. Kingine hakikuwapo, wala hatukujua pa kukipata. Kioo cha namna hiyo husagwa uso juu ya bamba gumu, kwa maji na unga mkali, taratibu, mpaka kibonyee kidogo katikati. Aliyekingojea zaidi yetu sote alikuwa bibi. Alikuwa amesikia kwamba mwezini kuna milima, naye hakukubali wala hakukanusha.

"Macho yangu yameanza kuingia ukungu," alisema. "Nataka niuone mwenyewe kabla hayajafunga."

Tukabishana juu ya ukingo. Mwalimu alikuwa ameniagiza tuuondolee ukali kwanza, kabla ya kugusa uso. Lukelo akacheka.

"Wewe mwalimu, rudi kwenye chaki zako. Makali ya kona huuliwa mwisho, kwa msasa mkavu. Meza, kabati, mlango, vyote hivyo hivyo. Waulize mafundi wote wa hapa."

"Kioo si ubao wa paina, kaka."

Bibi alikuwa akipeta maharage. Akainua uso.

"Lukelo, katika hao mafundi wako, nani amewahi kusaga kioo?"

Mimi nikacheka.

"Na wewe unayecheka, huyo mwalimu ulimwona akisaga?"

"Hapana, bibi. Aliniambia."

"Basi nyote wawili mmebeba maneno ya watu. Na macho yanayofunga ni yangu!"

Akatuamuru tutafute kioo kisicho na kazi. Tukapata vipande viwili vya kaunta ya duka iliyovunjika. Cha kwanza tulikisaga kikiwa bado na makali yake. Asubuhi haikuisha, ukingo ukabanduka chembe. Chembe ikaingia chini ya kioo na kuchora mfereji uso mzima. Cha pili Lukelo alikiua makali kwanza, kwa jiwe analonolea randa, akilichovya majini kila mara, maana vumbi kavu la kioo huharibu mapafu. Hicho kilisagika kikabaki salama.

Lukelo alivitazama vipande vyote viwili. Hakuomba radhi, wala sikumdai. Alikipakata kisahani chenyewe, akaanza kuzungusha jiwe ukingoni kwa utulivu ambao mikono yangu isingeuweza. Hata baadaye, tulipokuwa tukisaga uso, kila ukingo ulipoanza kurudia ukali, ni yeye aliyeusimamisha mkono wangu na kuchukua jiwe lake.

Miezi ikapita; kioo kikang'arishwa, Lukelo akakiundia bomba la mbao. Jioni moja, hata kabla kioo hakijapakwa fedha ya kukizidishia mng'ao, nusu ya mwezi ilisimama juu ya msitu wa misonobari. Bibi akaweka jicho kwenye darubini, akakaa hapo muda mrefu. Jirani yetu, Mama Neema, akapita akisalimu.

"Kamwene, bibi! Wanasema mmeuteka mwezi. Haya, ina kweli ile habari ya milima?"

Bibi akafuta jicho, akasogea kando.

"Nikikujibu, utakuwa umeambiwa tu. Njoo uiname."

Mwanangu, unanijia kila siku na simu mkononi: wanasema hivi, wanasema vile. Nami nakuuliza swali lile lile la bibi, na unakasirika. Kasirika, lakini sikia. Usilipokee neno kwa kuwa wengi wamelisema, wala kwa kuwa msomi amelisema. Na usilikatae kwa kiburi cha ufundi wako. Uliza aliyelisema ameligusa wapi. Kisha ulijaribu kwenye kipande usichoogopa kukipoteza, kabla hujaligusisha kile ambacho hakina kingine. Na ukishindwa, iache mikono yako ikiri, hata kama mdomo hauwezi.

Mungu akuhifadhie macho yako. Aipe mikono yako subira. Na siku utakapoiona kweli, akujalie moyo wa kusogea kando, ili mwingine naye atazame.