Pembe ya Nyuma, Kushoto

Usiku ule dada yake fundi alikaa juu ya kreti tupu la soda nje ya karakana, macho kwenye mstari wa mwanga chini ya mlango, akingoja kujua kama ni yeye aliyeiua sauti ya mama yao.

Ndani alikuwemo mdogo wake, fundi redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Pembe Nne kwa sababu ya spika zake: mbili mbele, mbili nyuma, katika chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote. Ile ya nyuma kushoto ilikosa mahali ikawekwa kwenye mlango, ikaubana, hivyo fundi akishakaa kusikiliza, mlango haufunguki.

"Mungu kakupa masikio mawili," mchomeleaji wa jirani alizoea kumtania. "Spika nne umsikilizie nani?"

"Nikikuita ukiwa umenipa mgongo, hugeuki?"

"Nageuka."

"Basi kumbe mgongo wako nao unasikia."

Mama yao alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo na mwimbaji wa kwaya ya wafanyakazi. Siku moja walikuja watu wa kurekodi na mtindo mpya wa siku hizo, sahani moja ya santuri yenye kubeba sauti za pembe nne. Wakaweka kinasa sauti kila pembe ya ukumbi. Mwalimu wa kwaya, kwa kuona haya mbele ya wageni, akamtoa Mama kwa wenzake na kumsimamisha pembe ya nyuma, kushoto, karibu na marobota ya pamba. Kosa lake lilikuwa moja tu, neno "furaha" lilimshinda. Alisema "fuhara". Wakimsahihisha hucheka, huvuta pumzi, halafu huitoa fuhara ileile.

Mwaka haukwisha, akafariki, akaacha nakala ya sahani hiyo nyumbani. Dada alikuwa na miaka kumi, mdogo wake bado ananyonya. Dada ndiye aliyemlea, akamwogesha, akampeleka shule, akamchapa alipoifungua redio ya watu na kuirudisha na skrubu tatu zimebaki mkononi. Lakini kumpa sauti ya mama yake hakuweza. Kwenye gramafoni ya kawaida kwaya yote hutoka pamoja kama uji, humtofautishi mwanamke mmoja na mwingine.

Kwa hiyo akawa fundi. Alisoma vitabu vya ufundi mpaka vikaachia kurasa, akajua kwamba sauti za nyuma zimechorwa katika mfereji uleule wa sahani, zikipandishwa juu ya mlio mwembamba usiosikika na sikio la mtu. Ili kuzipata unahitaji sindano kali ya aina yake na kisanduku cha kuzitenganisha. Visanduku vyenyewe vilishaacha kutengenezwa. Makampuni yalishindana, kila moja na mtindo wake usioelewana na wa mwenziwe, hadi wanunuzi wakachoka na biashara ikafa ingali changa.

Fundi akakijenga chake kwa vipande vya redio zilizokufa. Miaka sita. Kiliungua mara mbili, na mara ya pili akakipepea kwa kofia akisema, "Angalau sasa kinaungua polepole." Wiki hii sindano ilifika kwa posta, imeviringwa pamba kama jino la mtoto. Akangoja usiku, kwa kuwa mashine ya mchomeleaji hutia mikwaruzo kwenye umeme.

Mchana wake, Dada alipomletea chakula, aliuliza kwa kuuliza tu, "Kwani hiyo sindano ina nini ambacho nyingine hazina?"

"Ni nyepesi, Dada. Ile butu, hasa ikitiwa uzito, huparura. Ukiipiga mara chache tu, sauti za nyuma zinafutika kama chaki..." Akajikatiza, akaomba maji.

Dada akaona alivyojikatiza. Maji akampa, ila moyo wake ulishakwenda kwenye sarafu. Sindano ya gramafoni ya nyumbani ilikuwa inaruka, naye, mtoto wa miaka kumi, aliibandikia sarafu shingoni kwa lami ili itulie. Kila siku akitoka shule alipiga wimbo amtafute Mama. Karibu mwaka mzima.

Sasa kwaya ilianza, kwa mbali, kutoka spika za mbele. Kwenye ubao wa mlango, karibu na sikio lake, ikatoka chwaaa, kama mafuta kikaangoni. Fundi akarudisha sindano mwanzo. Chwaaa.

"Pembe!"

"Naam, Dada."

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Sarafu. Niliiwekea sindano sarafu. Nilikuwa namtaka Mama."

Ndani skrubu zikalia koponi. 

"Hiyo sarafu ninayo," fundi akasema. "Iko kwenye kopo la skrubu tangu nilipoing'oa kwenye gramafoni, nina miaka kumi na miwili. Sikutaka ukose usingizi."

"Na huu ninaolala hapa nje ni nini?"

Fundi akacheka kidogo. Kisha, taratibu, kama mtu anayekanyaga yai: "Ulikuwa unapiga upande gani wa sahani?"

"Wa kwanza. Wa pili una ule wimbo aliokuwa akiimba jikoni siku alipoanguka. Sijawahi kuugusa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Miaka yote hii, Dada, nimeogopa kukuuliza hilo."

Akasikia sahani inageuzwa. Kwaya ikaanza tena mbele, kule mbali. Halafu kwenye ubao wa mlango, usawa wa bega lake, mwanamke akavuta pumzi, akaimba peke yake, na lilipofika lile neno akasema fuhara.

"Dada," sauti ya fundi ikatoka ndogo, ya mtoto. "Ndiye huyu?"

"Ndiye! Nani mwingine? Fungua!"

"Sitaweza kufungua mpaka nimsogeze."

Dada akautoa mkono kwenye kitasa. "Basi mwache hapohapo," akasema, akakaa chini na kuuegemeza mgongo wake kwenye mlango.